Mlango wa jikoni ulikuwa wazi: mhusika wa vichekesho anatakiwa awe na akili za mtu wa kweli?

#1 Mtoto wa Seremala

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi usiku tulikuwa sebuleni: mimi, mke wangu, watoto, shemeji yangu, na baba ambaye ametoka Korogwe kuja kutusalimia. Tukaweka filamu ya vichekesho ya hapa hapa Bongo. Jina naliacha, sitaki uzi ugeuke wa kumsulubu mtu.

Kisa chenyewe mnakijua hata kama filamu hamjaiona. Kijana kaja kwa kina binti mchana, wazazi hawapo. Wamekaa sebuleni wanakunywa soda. Mara baba wa binti anabisha hodi mlango wa mbele. Binti anapagawa, kijana anakimbilia chumbani na kuzama uvunguni. Mzee anaingia hadi humo chumbani, anakaa kitandani, chaga zinalia, kijana kabanwa kifua, anapiga chafya, binti anasingizia paka. Watoto wangu hoi kwa kicheko.

Baba yangu, ambaye amekuwa seremala tangu kabla sijazaliwa, akanyoosha kidole: "Ule mlango wa jikoni si ulikuwa wazi? Kwa nini hakutoka?"

Shemeji akarudisha nyuma. Kweli. Wakati hodi inabishwa, nyuma ya kijana unaonekana mlango wa jikoni uko wazi kabisa, jua la uani linaingia hadi kwenye sakafu. Hatua nne tu na angekuwa nje. Tangu hapo hakuna mtu mzima aliyecheka tena, na filamu ilikuwa imebakiza zaidi ya saa nzima.

Shemeji akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi, na ndiyo yamenileta hapa: "Mzee, hii ni komedi, usitafute uhalisia." Baba akamjibu taratibu: "Yule mzungu aliyekula kiatu mbona nilimwamini?"

Anamsema Charlie Chaplin. Filamu ni The Gold Rush ya mwaka 1925. Chaplin na mwenzake wamekwama kwenye kibanda huko kaskazini kwenye theluji, wameenda kutafuta dhahabu, chakula kimekwisha. Chaplin anachemsha kiatu chake, anakipakua kwenye sahani, anagawa. Kisha anakula kwa adabu zote za mezani: kamba za kiatu anazizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza mmoja mmoja kama mtu anayefyonza mifupa ya kuku. Kiatu cha kuigizia kilitengenezwa kwa urukususu, ile mizizi mitamu. Wazo lenyewe Chaplin alilitoa kwenye habari za kweli za wahamiaji wa Marekani waliokwama milimani kwenye theluji majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, ambao njaa iliwafikisha hadi kutafuna ngozi za viatu.

Nani kati yetu amewahi kula kiatu kwa uma? Hakuna. Lakini baba, aliyeiona filamu hiyo akiwa kijana, hakuuliza swali lolote. Alisema: "Yule alikuwa na njaa. Huyu wa leo haogopi. Angekuwa anaogopa angetoka mbio."

Nimelala na neno hilo. Nadhani mzee ameshika kitu ambacho waandishi wetu wengi wa vichekesho hawajakishika. Tukio linaweza kuwa la ajabu kuliko ndoto. Anachotaka mhusika ndicho kinachopaswa kuwa cha kweli, na akishakitaka, atumie akili yake yote kukipata, hata kama akili yenyewe ni ndogo. Mjinga wa kweli anafikiri sana, isipokuwa anafikiri kombo. Mjinga wa filamu zetu hafikiri kabisa, anasubiri tu mwandishi amsukume kwenye shimo.

Angalieni Groundhog Day ya mwaka 1993. Mtangazaji wa hali ya hewa anaamka kila siku na kukuta ni tarehe 2 Februari ile ile, kwenye mji mdogo ule ule wa Pennsylvania. Filamu haielezi hata kidogo kwa nini imetokea. Na hakuna anayeuliza, kwa sababu yale anayoyafanya ndiyo ambayo wewe na mimi tungeyafanya: kwanza anachanganyikiwa, halafu anagundua hakuna adhabu, basi anakula keki bila hofu ya kunenepa, anaiba fedha, anadanganya wanawake. Halafu anachoka na maisha. Halafu ndipo anaanza kujifunza piano. Uongo ni mmoja tu mkubwa, na kila kilichofuata ni ukweli mtupu.

Naomba mawazo yenu. Je, komedi ina ruhusa ya mhusika kufanya lolote ili mradi watu wacheke? Mimi nasema haina. Nawasilisha.

#2 Pwani Tulivu

Mkuu, uzi mzuri lakini nakupinga.

Kuna komedi ambazo hakuna hata mtu mmoja mwenye akili za kawaida, na zinachekesha kuliko hizo zako. Mfano Airplane! ya mwaka 1980. Ndani ya ndege abiria mmoja anapandwa na kiherehere cha hofu. Mtu anamtikisa na kumpiga kofi ili atulie. Kamera ikigeuka, nyuma kuna foleni ya abiria wanaosubiri zamu yao, na kadiri foleni inavyoendelea wengine wameshika silaha. Nani anafanya hivyo? Hakuna. Mapenzi na woga humo ni mzaha mtupu. Ni kichekesho juu ya kichekesho kwa dakika karibu tisini.

Siri yao ilikuwa nyingine. Waongozaji watatu, Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, waliwachukua waigizaji waliozoeleka kwenye filamu nzito, watu kama Leslie Nielsen, Robert Stack na Lloyd Bridges, wakawaambia waigize kama hawajui kwamba hii ni komedi. Nielsen anasema upuuzi kwa sura ya daktari anayetoa taarifa ya msiba. Kwa hiyo kilicho muhimu ni uso. Akili za mhusika ziwe za nani, mimi hainihusu.

#3 Mtoto wa Seremala

Pwani Tulivu, hoja yako nimeiheshimu na filamu hiyo naipenda. Ila kumbuka inavyoanza. Kwenye mawingu unaona mkia wa ndege unakata kama pezi la papa, na muziki wa papa unapigwa. Kabla hata hujamwona mtu, umeshaambiwa: huku tunakokwenda hakuna sheria za kwenu. Umekubali, ukakaa.

Filamu yetu ya Jumamosi ilianza na binti anaosha vyombo uani, mama anadai chenji ya mboga, baba anavaa kwenda kazini. Nyumba ya kweli, maisha ya kweli. Imetupa ahadi ya kwamba hawa ni majirani zetu, halafu baada ya dakika ishirini ikaivunja bila kutuambia. Kila filamu ijiwekee sheria zake, nakubali. Lakini ikishajiwekea izifuate.

#4 Mwalimu wa Zamu

Habari za kazi ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili sekondari, na jambo hili hatuna haja ya kulifuata Marekani.

Turudi kwa Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, anasema: "Sufuria yako imezaa." Jirani anachukua vyote viwili, anashukuru. Siku nyingine anaazima tena, safari hii hairudishi. Akifuatwa anasema: "Pole, sufuria yako imekufa." Jirani anang'aka, sufuria inakufaje? Kesi inafika mbele ya mkubwa, na Abunuwasi anauliza: aliyekubali kwamba imezaa, kwa nini anakataa kwamba imekufa?

Kila mwaka nikifika hapo darasa linacheka, na kila mwaka namsubiri mwanafunzi wa kuuliza "sufuria inazaaje?" Hajawahi kutokea. Kwa nini? Kwa sababu jirani yule tunamfahamu. Akili yake inajua vizuri sana kwamba chuma hakizai, ila mkono umeshapokea. Tamaa ile ni ya kweli kabisa. Sasa jaribuni kuibadilisha hadithi: jirani akatae kisufuria siku ya kwanza, halafu siku ya pili akubali tu kwamba sufuria imekufa. Kichekesho kimekwisha, na jirani amegeuka mtu asiye na sababu.

Kwa hiyo namuunga mkono Mzee wa Korogwe. Naongeza jambo moja. Katika hadithi ile yupo mtu wa tatu, yule hakimu au mfalme, ambaye hashangai ovyo wala hachekicheki. Anasikiliza kama kesi yoyote. Komedi inahitaji angalau mtu mmoja ndani yake anayeitika kama sisi tungeitika. Filamu nyingi za sasa kila mtu ni kichekesho: baba, mama, mlinzi, muuza duka, hata maiti. Mtazamaji anakosa pa kusimama.

#5 Jirani wa Kakamega

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma hapa kimya kwa muda, leo nimeshindwa kunyamaza.

Huku kwetu Kenya tulikuwa na Papa Shirandula, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Citizen. Marehemu Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020, aliigiza humo kama Papa, soja, yaani mlinzi, lakini nyumbani mke anajua mume wake ni mtu wa ofisi. Anatoka asubuhi amevaa suti, akifika kazini anabadilisha, anavaa yunifomu ya ulinzi. Ukiwaza sana utasema mke gani huyo asiyejua kazi ya mumewe miaka yote hiyo. Mimi sijawahi kuwaza hivyo, na nitawaambia sababu.

Baba yangu mdogo alifanya kazi Nairobi, na sisi kijijini tuliambiwa yuko kampuni fulani "upande wa stoo". Alikuja Krismasi na tai. Alipofariki ndipo wenzake wa kazi walikuja kwenye matanga, na tukajua alikuwa bawabu miaka kumi na saba. Hakuna aliyemcheka, kila mtu alilia zaidi. Kwa hiyo nikimwona Papa anakunja suti yake vizuri na kuificha, nilikuwa nacheka na koo limebana. Aibu ile si ya kubuni. Ukishaipata aibu ya kweli, mengine yote, kujificha nyuma ya geti, kudanganya kwa simu, kukimbia na kofia mkononi, mtazamaji atakupa bure.

Na Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi kingine cha vichekesho cha huku, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo. Alitaka heshima ya mwenye nyumba, na Mama Kayai, mkewe kwenye kipindi, hakuwa na nafasi ya kumpa. Ni hayo tu.

#6 Mtoto wa Seremala

Jirani, pole sana kwa baba mdogo. Umesema kwa mfano mmoja kile nilichokuwa nakitafuta kwa maneno mengi.

#7 Mshika Sauti

Wakuu, mimi nimefanya kazi kwenye filamu hizi hizi, nashika maiki ya kurekodi sauti. Niwaeleze mlango unavyobaki wazi.

Nyumba ni ya kuazima. Mwenye nyumba katoa siku tatu, na siku ya tatu wageni wake wanafika jioni. Skripti, mara nyingi, ni karatasi moja yenye orodha ya sini: "Kijana anafumaniwa. Anajificha. Chafya." Maneno waigizaji wanayapata hapo hapo. Mlango unaachwa wazi kwa sababu taa tulizokuja nazo hazitoshi, tunategemea jua la uani. Hakuna anayeuliza kijana atatokea wapi, kwa kuwa mtu wa kuuliza hilo ni mwandishi, na mwandishi hayupo lokesheni. Pengine hayupo kabisa.

Nilishawahi kuuliza mwenyewe. Sini ilikuwa ya mwanamke anayemwona mumewe na mwanamke mwingine sokoni, halafu anaamini ni dada wa mumewe kwa sababu mume kasema hivyo. Nikamwambia muongozaji: huyu mwanamke tumemwona sini mbili nyuma anakagua risiti za mumewe, leo anaaminije haraka hivi? Akanijibu, "Hii ni komedi, watu hawaangalii hayo." Tukashuti. Ilipotoka, niliikuta inaonyeshwa kwenye kibanda umiza karibu na kwetu. Sini ile ilipita kimya. Waliokuwa wanacheka walikuwa wanacheka kofia ya mume.

Ila nataka niwatetee waigizaji. Marehemu Mzee Majuto, Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa hapewi mistari ya maana kwenye kazi nyingi, na bado unamwamini. Nenda kamwangalie akidai pesa yake. Anaidai kama mtu ambaye kweli hiyo pesa ina matumizi nyumbani: anahesabu, anakasirika, anabembeleza, anatishia, anarudi kubembeleza. Hakuna skripti iliyomwambia afanye hivyo. Alikuwa anaokoa filamu kwa kuleta mtu kamili ndani ya hadithi isiyo na mtu. Kipaji kama kile tukakiendesha kwa karatasi ya sini, na hilo linaniuma hadi leo.

#8 Mama Wawili

Jamani na watoto je? Mbona mnazungumza kama komedi ni ya wazee tu. Wanangu wanapenda ile ya Home Alone, majambazi wanapigwa na ndoo za rangi usoni, wanaungua kichwa, wanainuka. Mtu wa kawaida angekuwa wodini. Wanacheka mpaka wanalia.

Na wale Wanigeria, Chinedu Ikedieze na Osita Iheme. Aki na Ukwa imetoka 2002, mmoja ana miaka 20 hivi na mwingine 25, wanaigiza watoto watundu wa kijijini. Sisi wote tulijua ni watu wazima. Ila utundu wao ulikuwa wa watoto hasa: wakitumwa wanakula njiani, wakiulizwa wanatazamana kwanza ndipo wanajibu. Mwanangu akivunja kikombe hufanya vile vile na mdogo wake, wanatazamana. Mwili wa mtu mzima haukunisumbua kwa sababu macho yalikuwa ya mtoto.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi nusu. Mwili uruhusiwe uongo. Maumivu pia yaruhusiwe uongo, la sivyo watoto hawatacheka, wataogopa.

#9 Ol Doinyo

Nimesubiri mtu aseme hili, hajasema, basi niseme mimi.

Mnajadili mhusika mmoja mmoja. Mimi natoka jamii ya wafugaji. Kwenye vichekesho vya nchi hii nimejiona mara nyingi sana, na kila mara ni mlinzi wa geti, ana rungu, Kiswahili kinampiga chenga, anashangaa swichi ya taa. Dada yangu ni muuguzi. Kaka yangu anaendesha malori hadi Lubumbashi. Hao sijawahi kuwaona kwenye komedi.

Mnakumbuka The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980? Jamie Uys wa Afrika Kusini. Chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege ndogo, Wasan, wale wawindaji wa jangwa la Kalahari, hawajawahi kuona kitu kama hicho, wanadhani imetoka kwa miungu, na mmoja wao, anayeigizwa na N!xau, anatembea kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Dunia nzima ilicheka. Na tendo lile, kwa kipimo chenu hapa, ni la kweli: mtu ameona kitu kinaleta ugomvi nyumbani, anakiondoa. Nia ni safi kuliko ya wote waliomo. Lakini wakati huo huo Wasan wengi wa upande wa Tsumkwe, Namibia, walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali, wanaishi kwa unga wa mgao, pombe inawamaliza, na jeshi la Afrika Kusini linaandikisha vijana wao. Filamu ikawaambia watazamaji kwamba watu hawa wako jangwani, wana raha zao, hawahitaji kitu.

Ndiyo maana kwangu swali la uhalisia si la mlango wa jikoni peke yake. Mhusika akiwa ni mtu mmoja, mpe ujinga wowote unaotaka. Akiwa amevalishwa kabila zima, ujinga wake unanifuata mimi kwenye daladala. Mwandishi ajue nyumba yangu ina nini ndani kabla hajaifanya kichekesho.

#10 Pwani Tulivu

Ol Doinyo, hapo umenigusa. Nilisema kilicho muhimu ni uso tu, na sikuwaza uso wa nani. Kwa komedi za ulimwengu wa kubuni bado nasimama nilipokuwa. Kwa zinazotumia watu waliopo, naondoa kauli yangu.

#11 Mtoto wa Seremala

Wakuu, nimewasomea baba michango yote jana jioni. Ya Jirani wa Kakamega aliomba nimsomee mara mbili. Ya Ol Doinyo alinyamaza kwanza, kisha akasema katika karakana yake walipita vijana wengi wa Kimasai kujifunza, na mmoja wao ndiye ambaye baba alimwachia mashine ya randa baba alipostaafu.

Halafu nikamuuliza: ile sini ya uvunguni, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeufunga mlango wa jikoni? Akasema hapana, mlango uachwe wazi vile vile. "Kijana aliingilia wapi?" Nikasema mlango wa mbele. "Mgeni mwenye adabu akiingia nyumba ya watu anaacha nini barazani?"

Viatu. Viatu vya kijana viko barazani, na baba wa binti anabisha hodi akiwa amesimama karibu navyo. Mlango wa jikoni uko wazi, jua linawaka, uhuru uko hatua nne, na kijana hawezi kutoka kwa sababu akitoka viatu vinabaki vinamsema. Anaelekea jikoni, anakumbuka, anarudi sebuleni, anachungulia dirishani, mzee anavitazama. Hapo ndipo baba alipocheka mwenyewe, mikono juu ya magoti, akaendelea kuisimulia: binti anafungua, mzee anauliza viatu vya nani, binti anasema nimekununulia wewe, ni zawadi. Basi mzee anavijaribu. Vinamtosha. Anaondoka navyo.

#12 Mshika Sauti

Mkuu, mwombe mzee ruhusa. Kuna muongozaji mmoja kijana tunashuti naye mwezi ujao, huyu anasikiliza. Nataka nimpelekee hii ya viatu kama mzee alivyoisema.

#13 Mtoto wa Seremala

Amekubali. Anasema tu chaga za kitanda mtumie mbao ngumu, zile za Jumamosi alisikia kabisa kwamba ni laini.